Pacha: Hayupo

Mama yangu hupiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi, na swali lake la kwanza huwa lilelile.

"Mbu wako hajambo?"

"Hajambo, mama. Ila si mbu."

"Ana miguu mirefu, ana mabawa mawili, sura ya mbu, halafu si mbu. Haya, mwanangu. Na wewe hujambo?"

Nimezoea kuulizwa wa pili. Huyo anayenitangulia alikufa kabla hajawapo mtu duniani wa kumwita mbu. Kalala kwenye kipande cha jiwe jembamba kama kigae, mwili wake urefu wa pingili moja ya kidole, miguu imetawanyika huku na huku kama njiti zilizomwagika. Jamaa zake walio hai bado wapo. Ni wale wadudu warefu, dhaifu, wanaogota ukutani karibu na taa, na watu huwakimbilia na kandambili wakidhani wameingiliwa na mbu jitu. Hawaumi. Hawana hata cha kung'atia. Ukimshika mmoja anakuachia mguu mkononi na kwenda zake. Watu humwita baba wa mbu, jina lenye makosa mawili, maana si baba na si wa mbu. Kiswahili chenye neno la kila aina ya kikapu hakijampa jina lake mwenyewe, na hilo lilikuwa linanikera kuliko mshahara.

Chumba changu cha kazi ni cha mwisho kwenye ukumbi wa chini wa makumbusho, baada ya stoo ya viti vilivyovunjika. Zamani tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Mzee Lenzi, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya lenzi ya mkono iliyoning'inia shingoni mwake hata akiwa anakula. Mkewe alikuwa Bibi Nyundo, ambaye machimboni alikuwa akilipasua jiwe kwa pigo moja pale ambapo wanaume walipiga kumi. Na mimi ni Sindano, niliyekuja na stashahada na kucha fupi, nikapewa kazi ya kuondoa vumbi la mwamba juu ya visukuku, viumbe wa kale waliogeuka jiwe, kwa ncha ya sindano, chembe baada ya chembe. Bibi Nyundo alifariki. Mwaka uliofuata macho ya Mzee Lenzi yalianza kufifia, akastaafu. Nikabaki na meza tatu, viti vitatu, na hadubini moja.

Wenye shahada wa ghorofa ya juu huniamkia vizuri. Ila andiko likitoka na jina langu peke yake, huuliza nani alinisaidia. Hiyo "sta" iliyo mbele ya shahada yangu ni fupi, lakini imekaa mlangoni kama mlinzi.

Kwa hiyo nilitaka mdudu huyu awe wangu. Nilitaka kumwelezea kama aina mpya, peke yangu, kwa Kiswahili, kwenye jarida letu dogo linalosomwa na watu ambao wangeenea kwenye harusi ya kimaskini na viti vingebaki. Nilifanya kazi hiyo miaka miwili. Kumwelezea mdudu wa aina hii ni kuhesabu visivyomvutia mtu: pingili za vipapasio, mfuo wenye umbo la herufi V mgongoni, mishipa ya bawa mmoja mmoja, umeanzia wapi, umeishia wapi, umekutana na nani njiani. Kisha unamlinganisha na jamaa zake. Wangu alikuwa na jamaa mmoja wa karibu sana, aliyeelezewa zamani kutoka machimbo yaleyale. Walifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Yule wa zamani, karibu na ncha ya bawa, ana kijishipa kifupi kinachounganisha mishipa miwili mirefu, kama kipago kimoja cha ngazi. Mshipa mkingamo. Wangu hana.

Nikaandika: *Hakuna mshipa mkingamo.* Aina yangu mpya ilining'inia kwenye neno hilo moja. Bila hilo, mdudu wangu alikuwa yuleyule wa zamani, na miaka yangu miwili ilikuwa ya kunakili kitu kilichokwisha andikwa.

Mhariri, mwanamke ambaye sijawahi kumwona, alirudisha andiko baada ya wiki tatu. Hakugusa mengi. Pembeni ya sentensi ile aliweka maneno matatu:

*Hakuna, au hauonekani?*

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mimi! Mimi ninayetembea na kalamu nyekundu nikisahihisha matangazo ya ukutani! Nikaliweka jiwe chini ya hadubini ili nimtumie picha ya kumfunga mdomo. Nikalidondoshea tone la spiriti, maana jiwe likilowa mishipa hujitokeza, nikasogeza mpaka kwenye ncha ya bawa. Na pale, pale hasa, palikuwa na kibanzi kilichobanduka, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Si kwamba sikuwahi kukiona. Nilikiona mwaka wa kwanza, nikajiambia ni kidogo mno kuficha kitu. Mtu akiitaka "hakuna" kwa moyo wake wote, kibanzi huwa kidogo.

Sasa, jiwe la namna hii likipasuliwa, mdudu hugawanyika. Huku hubaki upande wake mmoja, kule upande wa pili. Nusu hizo mbili sisi huziita pacha. Kibanzi kilichokosekana kwa huyu, aghalabu kimeng'ang'ania kwa mwenzake. Jibu la mhariri lilikuwa kwa pacha.

Nikafungua daftari la vielelezo. Kila mstari uliandikwa na Mzee Lenzi kwa mwandiko wake uliosimama wima kama askari, na safu ya mwisho ilikuwa na kichwa kisemacho *Pacha*. Mstari wa mdudu wangu ulisema: *hayupo.* Nilikuwa nimeupita mara mia nikiusoma kama "hakuna". Safari hii nilisoma daftari zima kwa kidole. *Yupo, yupo, hakuna, yupo, hakuna.* Kila nusu iliyosagika machimboni au isiyookotwa kamwe aliiandika *hakuna.* Hayupo ilikuwa moja tu, daftari lote.

Na huyu ndiye mtu aliyewahi kunirudishia ripoti mara tatu kwa ajili ya mkato. "Hakuna" ni ukuta. "Hayupo" ni mlango. Ukiambiwa fulani hayupo, unauliza, kaenda wapi? Atarudi lini?

Nikachukua mkoba. Mlinzi wa getini akatoa macho.

"Sindano! Leo unatoka mchana? Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi unakwenda kwa mchumba."

"Hayupo," nikamjibu, na nilipofika barabarani nikajisikia neno nililolichagua, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Mzee Lenzi anaishi kwa binti yake, mshonaji. Cherehani iko sebuleni, na sakafu huwa imejaa vipande vya vitambaa. Binti alinipokea na pini mdomoni.

"Karibu, mdogo wangu. Tangu amestaafu wewe ni wa tatu kuja, na wawili wa kwanza walikuwa wanatafuta funguo." Akazitoa pini. "Utamkuta chumbani, dirishani. Haoni tena, lakini akikaa mbali na dirisha anagomba. Umkataze na jiwe lake. Suruali zake zote nimezitia kitambaa cha pili mfuko wa kulia, na bado zinatoboka."

Nikasimama. "Jiwe gani, dada?"

"Nitajuaje? Kwenu si mawe yote ni sawa?"

Mzee alikuwa ameketi wima, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, mkono wa kulia mfukoni. Lenzi bado iko shingoni. Kabla sijasalimia akasema, "Sindano. Unanuka spiriti."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekonda au umenenepa? Sema kweli, mimi sina njia ya kukagua."

"Nimebaki vilevile."

"Huo ni uzembe. Kaa."

Nilimweleza yote, mshipa, kibanzi, swali la mhariri. Nilipolitamka swali lenyewe alicheka kwa sauti, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu meza tatu zilipokuwa na watu watatu.

"Hakuna, au hauonekani! Mtu huyo ningemwajiri." Kisha kicheko kikaisha. "Ukaenda kwenye daftari."

"Nikaenda."

"Nilimwandikaje?"

"Hayupo."

"Sikudanganya."

"Hukudanganya, Mzee."

Akautoa mkono mfukoni. Kiganjani mlikuwa na jiwe jembamba, jeusi, saizi ya nusu ya sabuni iliyotumika.

"Huyu alimpasua mke wangu," akasema. "Pigo moja. Nusu ikabaki kwake, nusu kwangu. Ndiye alikuwa wa mwisho kumpasua, ingawa hatukujua kwamba ni wa mwisho. Wiki niliyomzika nilirudi kazini. Wewe ulikuwa likizo. Nikafungua droo, nikawakuta wamelala wawili, bega kwa bega. Nikashindwa kuifunga. Nikamtia mmoja mfukoni, nikajiambia nitamrudisha Jumatatu."

"Jumatatu ipi, Mzee?"

"Hiyo ndiyo sikuiandika."

Akaninyooshea jiwe. Nililipokea kwa mikono miwili, nikaenda nalo kwenye mwanga, nikatoa lenzi yangu. Mwanzo nilidhani nimelishika kichwa chini. Nikaligeuza. Mwili ulikuwapo. Miguu minne ilionekana, mmoja umekunjwa kwenye goti. Lakini pale lilipopaswa kuwa bawa palikuwa na bonde dogo linalong'aa, laini kama kingo za kikombe cha zamani. Hapakuwa na mshipa, si mkingamo wala mrefu. Bonde lilikuwa na umbo la yai, na nilipoliweka jiwe mkononi kama alivyoliweka yeye, kidole gumba changu kikaingia mle bila kutafuta.

Miaka mitano, kila siku, mfukoni, gizani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakumjua mjane.

"Eeh?" Mzee akauliza. Alikuwa ameinua uso. "Mshipa. Uko?"

Jibu lilikuwa na njia tatu. Ningesema uko, na aina yangu ingekufa kwa uongo. Ningesema hakuna, na ingeishi kwa uongo, na katika dunia nzima hapangekuwa na mtu wa kunipinga, kwa kuwa shahidi pekee alikuwa kipofu. Sitajifanya kwamba sikulifikiria. Nililifikiria muda wa kutosha kulilowesha jiwe kwa jasho la kiganja.

"Hauonekani, Mzee."

Cherehani kule sebuleni ikanyamaza. Umakini ule wa maneno alikuwa amenifundisha yeye. Hakuniuliza kwa nini. Aliinua mkono wa kulia hadi usoni, karibu kabisa, akakigeuza kidole gumba huku na huku kama mtu anayekikagua.

"Ni hiki," akasema.

Akakishusha gotini.

"Nilidhani namshika vizuri."

Niliinama juu ya jiwe tena, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho. Nikaanza kufanya ninachofanya kila siku ninapokuwa sijui la kufanya: kutazama kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka. Kichwa. Kifua. Bonde. Tumbo, pingili moja, ya pili, ya tatu. Kwenye jiwe la kule kazini tumbo hukatika kwenye pingili ya sita, maana kona ile ilivunjika, na nilikuwa nimeandika *jinsia: haijulikani.* Hapa kona ilikuwa nzima. Ilikuwa mbali na kidole gumba. Pingili ya saba, ya nane, na mwishoni, kitu kimeinuka juu kama ukucha.

"Mzee. Ni jike."

"Nini?"

"Ana mkia wa kutagia. Mzima! Mfupi, umepinda kwenda juu. Yule wa zamani jike lake linajulikana, na mkia wake ni mrefu, umenyooka kama sindano. Huyu si yeye. Si yeye kabisa!"

Mzee alijipiga kofi gotini. "Alisema! Siku ileile alisema! Jiwe lilipofunguka tu akaniambia, 'Tazama, Bi Miguu kajilaza.' Nikamuuliza, umejuaje kuwa ni bibi? Akasema, 'Dume lingekuwa limejikunja.' Nilimcheka njia nzima hadi nyumbani." Akatikisa kichwa. "Bi Miguu. Hukulisikia jina hilo?"

"Hukuliandika."

"Nilidhani ni la nyumbani."

Furaha yangu ilidumu kiasi cha mtu kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha nikaona nilichofanya. Aina mpya haisimami juu ya kitu kilicho mfukoni mwa mtu. Mkia ule sasa ndio uliokuwa ushahidi wote, na ushahidi hulala kwenye droo yenye namba, ili mtu yeyote anayenitilia shaka aje, avute kiti, atazame. Nililirudisha jiwe kwenye kiganja chake. Vidole vikalifunga, na kidole gumba kikaenda nyumbani kwake chenyewe.

"Nitapiga picha," nikasema. "Nina simu nzuri. Nitaandika kwamba pacha amehifadhiwa mahali pengine."

Akafyonza. "Picha! Mtu akija miaka hamsini baadaye kumwona, utampa picha, umwambie mwenyewe yuko kwenye suruali ya marehemu?"

"Mzee, mimi sikuja kukunyang'anya."

"Ulikuja kuuliza hayupo wapi. Umeshajibiwa." Kidole kilikuwa kinasugua. Nadhani alikisikia, maana alikisimamisha. Nje ya dirisha mtu alipita akiburuta ndoo. Kisha akanyoosha mkono, safari hii umefunguka wote.

"Mchukue," akasema. "Mchukue kabla sijammaliza."

Binti yake alilifunga jiwe kwenye kitambaa kizito alichokuwa amekata kwa ajili ya mfuko mwingine. Akanisindikiza hadi mlangoni. "Nilikuwa namgombeza kwa sababu ya suruali," akaniambia. Nilipogeuka kuaga, Mzee alikuwa amekwisha rudisha mkono mfukoni. Niliona kitambaa kikisogea kidogo, huku, kule, kama panya aliyepotea njia.

Kazini niliwaweka pacha wawili juu ya meza, nikawafunika mmoja juu ya mwenzake kama walivyolala mwambani. Nusu za jiwe moja hukutana bila kupitisha hata unywele. Hizi hazikukutana. Kingo ziligusana, mwili ukaukuta mwili, lakini ubavuni, palipokuwa na bawa, pakabaki uwazi. Nilichungulia na lenzi. Ungeweza kuona mwanga wa upande wa pili.

Niliandika upya kila kitu. *Jike. Mkia wa kutagia mfupi, umepinda juu.* Kuhusu bawa nikaandika: *Mshipa mkingamo hauonekani, kwenye jiwe la kwanza pamebanduka kibanzi, kwenye pacha pamechakaa kwa kushikwa.* Baada ya jina la jenasi nikaweka *bimiguu*, na sababu ya jina nikaeleza kwa mstari mmoja, nikimtaja aliyelipasua jiwe. Kwenye daftari nilikata *hayupo* kwa mstari mwembamba ili isomeke bado, nikaandika *yupo* na tarehe.

Mhariri alijibu upesi. Amekubali. Aliuliza jambo moja tu: *Kushikwa na nani?* Niliandika majibu matatu, nikayafuta yote, nikapeleka neno moja: *Mumewe.* Lazima alishangaa mdudu wa jiwe anapataje mume, lakini hakuuliza tena, na sentensi ilichapishwa kama ilivyokuwa.

Jumapili mama alipiga.

"Mbu wako hajambo?"

"Ni jike, mama."

"Afadhali. Basi mko wawili. Na wewe hujambo?"

Nilikuwa sijaiweka simu mezani ilipolia tena. Nilidhani ni yeye, amesahau kuniambia habari ya dada yangu. Alikuwa Mzee Lenzi.

"Wamelala pamoja?" akauliza.

"Wamelala, Mzee. Droo ya kumi na saba."

"Inafungika?"

Nilikuwa nimeifunga mara moja tu, nikiwa peke yangu. "Inafungika."

"Haya," akasema.

Nilisubiri akate. Hakukata, na mimi sikukata. Nilikuwa nimeketi kitandani, chumbani kwangu, na kwa upande wake nilisikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda. Karibu zaidi na simu palikuwa na sauti nyingine, ndogo, kavu, ambayo ilinichukua muda kuitambua. Ilikuwa sauti ya kitambaa cha mfuko kikisuguliwa na kitambaa.